Sauti ndogo unapohamisha santuri kwenda CD: uiinulie wapi, na kwa kifaa gani?

Mara ya kwanza nilipojaribu kuhamisha santuri za marehemu baba kwenda CD, nilichomeka waya wa pleya moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta, nikafungua programu ya Audacity, nikateremsha sindano. Santuri ilizunguka vizuri, lakini kwenye skrini palikuwa na mstari mwembamba kama uzi wa kushonea, uliotetemeka kidogo tu pale ngoma zilipoingia. Nilipoukuza mstari huo kwa programu hadi ukajaa, gitaa lilisikika kwa mbali, besi haikuwepo kabisa, na juu ya vyote palikuwa na mvumo wa umeme. CD niliyoichoma siku hiyo ninayo hadi leo, na huwa naitumia kuwaonyesha watu kosa lenyewe.

Kosa halikuwa la santuri wala la programu, bali la mahali nilipoinulia sauti. Nilisubiri hadi muziki umekwisha kugeuzwa tarakimu ndani ya kompyuta ndipo nikaukuza, ilhali kazi hiyo hutakiwa kufanyika kabla, muziki ungali umeme unaopita kwenye waya. Anayetafuta dawa ya sauti ndogo huishia kuchagua kati ya njia nne: amplifaya ya zamani yenye tundu la santuri, priampu (kikuzaji kidogo cha sauti ya santuri) ya pembeni, kisanduku cha USB kilichotengenezewa santuri, au pleya ya USB yenye kila kitu ndani. Wako pia wanaotegemea programu peke yake, nao nitawafikia.

Sauti inapotelea wapi

Katriji, yaani kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, huzalisha umeme kidogo mno. Ile ya sumaku, ambayo ni ya kawaida kwenye pleya za nyumbani zenye ubora wa wastani na kuendelea, hutoa takriban milivolti 3 hadi 5 katika kipimo cha viwandani. Zipo nyingine za koili inayosogea, zinazopendwa na watu wanaochambua sauti kwa makini, ambazo nyingi hutoa hata chini ya nusu milivolti. Tundu la laini, yaani lile la kuingizia sauti iliyokwisha kukuzwa, kwa upande wake linatarajia kiasi cha theluthi moja ya volti, na kompyuta nyingi hazijazi kipimo chake hadi ifike volti 1 au zaidi. Tukichukua volti 1 kuwa kilele, milivolti 5 ziko desibeli 46 chini yake (desibeli ni kipimo cha tofauti ya nguvu ya sauti). Kila biti ya rekodi hubeba desibeli 6 hivi, na CD ina biti 16. Kwa hiyo anayerekodi kama nilivyorekodi mimi anatupa karibu biti 8, nusu nzima, kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya na hilo la kwanza. Santuri haichongwi kwa sauti kama ilivyo. Besi hupunguzwa wakati wa kuchonga ili mfereji usiyumbe sana na kula nafasi, na sauti kali huongezwa ili zipande juu ya mchakacho wa santuri yenyewe. Kanuni ya kufanya hivyo, inayoitwa RIAA, ilianza kukubalika kwa jumla mwaka 1954, na kifaa cha kuchezea kinapaswa kuipindua: kiongeze takriban desibeli 20 kwenye besi ya chini kabisa na kupunguza kiasi kama hicho kwenye sauti kali za juu kabisa. Priampu ya santuri hufanya kazi zote mbili kwa pamoja. Huikuza sauti kwa desibeli 40 hivi, ambazo ni sawa na mara 100, na hapo hapo huirudishia besi yake. Ndiyo maana kuongeza sauti peke yake, kwa njia yoyote ile, hakuwezi kuirekebisha rekodi iliyopita bila priampu.

Isikilize kwanza kabla ya kufungua pochi

Si kila sauti ndogo ina dawa moja. Ikiwa ni ndogo na pia nyembamba, kama redio ya mkononi iliyofunikwa kwa sufuria, priampu haipo, na hapo utahitaji mojawapo ya njia nne nilizozitaja. Ikiwa ni ndogo lakini imekamilika, besi ipo na waimbaji wanasikika walivyo, basi priampu ipo na inafanya kazi, ila kuna mahali nguvu haitoshi: huenda kipimo cha kurekodia kwenye kompyuta kimeshushwa, au katriji ni ya koili inayosogea na imeunganishwa na priampu ya sumaku, ambayo nguvu yake huipungukia katriji hiyo kwa desibeli 20 hivi. Katika hali hiyo kununua pleya nyingine ni kutupa fedha.

Ikiwa upande mmoja tu ndio mdogo, geuza kichwa cha mkono wa pleya utazame nyuma ya katriji. Utaona vipini vinne vyembamba vyenye nyaya nyeupe, bluu, nyekundu na kijani; nyeupe na bluu ni za upande wa kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Kwetu pwani, ambako hewa ya chumvi haisamehi shaba, vipini hivyo hupata ukungu wa kijani, na kuvichomoa kimoja kimoja kwa kibanio, kuvifuta kwa spiriti na kuvirudisha kumewahi kunirudishia upande mzima uliokuwa umenyamaza. Kazi hiyo haina gharama yoyote, lakini inahitaji mkono usiotetemeka.

Angalia pia ni tundu gani la kompyuta ulilotumia. Kwenye kompyuta za mezani, tundu la waridi ni la maikrofoni na la bluu ni la laini. Lile la waridi mara nyingi hupokea upande mmoja tu, huongeza nguvu kwa namna isiyo safi, na mfumo wa kompyuta hulichukulia kuwa ni la mtu anayezungumza, kwa hiyo huwasha vichujio vya kuondoa kelele na kusawazisha sauti bila kukuuliza. Matokeo yake ni muziki unaopanda na kushuka kama wimbi, hasa mwisho wa wimbo unapofifia. Vizime vyote kwenye mipangilio ya sauti. Kompyuta nyingi za mapajani zina tundu moja tu la spika za masikioni na maikrofoni kwa pamoja. Hilo lisahau kabisa kwa kazi hii.

Yupo mgonjwa mmoja ambaye dalili zake hudanganya. Pleya za sanduku na zile redio kubwa za sebuleni zenye kinanda cha santuri ndani yake mara nyingi zilitumia katriji ya kauri, ambayo hutoa mamia ya milivolti na haihitaji kukuzwa. Tatizo lake ni kwamba inataka kuunganishwa na kifaa chenye ukinzani mkubwa, karibu megaohmu 1. Ukiipeleka kwenye tundu la laini la kawaida, besi hunywewa, na mwenye pleya huamini kwamba sauti ni ndogo. Akiipeleka kwenye priampu ya sumaku ndiyo huharibu zaidi, kwa kuwa nguvu huzidi na muziki hukwaruza. Mwenye pleya ya namna hiyo atafute kifaa cha USB chenye matundu mawili ya gitaa la umeme, kwa sababu matundu hayo hujengwa kwa ukinzani wa kiwango hicho hicho, na sehemu inayofuata ya ulinganisho huu haimhusu.

Amplifaya ya zamani dhidi ya priampu ya pembeni

Mwenye amplifaya au risiva ya miaka ya 1970 au 1980 tayari ana priampu nzuri ndani yake, na ningemshauri aanzie hapo kabla ya kununua chochote. Pleya huingia kwenye tundu lililoandikwa PHONO, waya wake wa ethi hukazwa kwenye skrubu iliyo kando yake, na muziki huchukuliwa kwenye matundu yaliyoandikwa REC OUT au TAPE OUT, yale yale ambayo zamani yalipeleka nyimbo kwenye deki ya kaseti. Sauti inayotoka hapo haibadiliki hata ukizungusha kitufe cha sauti, na hiyo ni faida kubwa, kwa sababu rekodi ya upande wa kwanza na ya upande wa pili zitakuwa na kipimo kimoja hata kama mtu alipita katikati akapunguza sauti ya spika. Wanaochukua muziki kwenye tundu la spika za masikioni hupoteza faida hiyo, na mara nyingi huleta mvumo pia.

Udhaifu wa njia hii ndio unaowarudisha watu kwenye lalamiko lile lile la sauti ndogo. Amplifaya nyingi za Kijapani za wakati ule zilipimwa kutoa milivolti 150 kwenye REC OUT pale zinapopokea milivolti 2.5 kutoka kwenye pleya. Deki za kaseti ziliridhika na kiasi hicho, lakini kifaa cha kisasa kinachojaa kwenye volti 2 hukiona kuwa desibeli 22 chini ya kilele chake. Kwa hiyo amplifaya ya zamani inafaa iandamane na kifaa cha USB chenye kitufe cha kuongeza nguvu ya kuingia. Bila hicho, rekodi itakuwa safi lakini ya chini, na itabidi uiinue baadaye. Sioni hilo kuwa balaa, mradi unarekodi kwa biti 24, kwa maana hapo una akiba ya kutosha ya kupoteza biti tatu nne bila sikio kugundua.

Priampu ya pembeni ni kijisanduku kinachokaa kati ya pleya na kompyuta. Inamfaa mtu ambaye amplifaya yake ni ya miaka ya karibuni, kwa kuwa tangu miaka ya 1990 watengenezaji wengi waliliondoa tundu la santuri. Ubaya wake ni kwamba za bei nafuu huwa na nguvu moja isiyorekebishwa, na bado utahitaji mahali pa kuingizia muziki kwenye kompyuta. Ukishahesabu bei ya priampu, ya kifaa cha USB na ya nyaya za kati, unakuwa umenunua vitu viwili badala ya kimoja. Ningeichagua njia hii pale tu ambapo kompyuta ina tundu la bluu linalofanya kazi vizuri, au pale mtu anapotaka pia kusikiliza santuri kila siku kupitia amplifaya yake mpya.

Kisanduku cha USB dhidi ya pleya ya USB

Kisanduku cha USB chenye priampu ndani yake hubana kazi zote mahali pamoja. Nitataja viwili kwa sababu vinaonyesha vizuri jambo la kuangalia. Behringer UFO202 ni kidogo, cha bei ya chini, kina swichi ya kuchagua kati ya santuri na laini na skrubu ya ethi, lakini hakina kitufe cha kurekebisha nguvu ya kurekodia. ART USB Phono Plus kina kitufe hicho, pamoja na taa ya kuonya sauti inapozidi na kichujio cha kukata mngurumo wa chini. Kwa santuri zilizochongwa kwa nguvu, vyote viwili hufanya kazi yake. Tofauti hujitokeza unapoweka santuri ndefu ya LP yenye dakika zaidi ya 25 kwa upande mmoja: ili nyimbo zote zitoshe, mifereji yake hubanwa na sauti hupunguzwa tangu kiwandani, na hapo asiye na kitufe hana la kufanya ila kurekodi chini na kuinua baadaye. Kwa mtu mwenye mkusanyiko mchanganyiko, santuri ndogo za mizunguko 45 pamoja na LP ndefu, kitufe hicho kina thamani kuliko maneno mengi yaliyoandikwa kwenye boksi.

Pleya ya USB inavutia kwa sababu waya mmoja unatosha. Za bei ya chini kabisa, hasa zile za sanduku, nyingi hutumia katriji ya kauri na mkono unaoikandamiza santuri kwa uzito mkubwa, na mimi singeweka juu yake santuri ambayo siwezi kuipata tena. Za ngazi ya juu zaidi, kama Audio-Technica AT-LP120-USB, hutumia katriji ya sumaku na zina swichi ya kuchagua iwapo priampu ya ndani itumike au la. Swichi hiyo ni chanzo cha malalamiko mengi. Ikiachwa kwenye PHONO huku waya ukienda kwenye tundu la laini, sauti huwa ndogo na nyembamba kama vile priampu haijawahi kuwepo. Ikiachwa kwenye LINE huku waya ukienda kwenye tundu la PHONO la amplifaya, sauti hukuzwa mara mbili na kukwaruza. Mtu anayelalamikia sauti ndogo aitazame swichi hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Na hata ikiwa sawa, pleya nyingi za USB hazina kitufe cha nguvu ya kurekodia, kwa hiyo zina udhaifu ule ule wa kisanduku cha bei ya chini.

Kwa hiyo, asiye na pleya kabisa na ambaye ana santuri chache anunue pleya ya USB yenye katriji ya sumaku, amalize kazi yake. Mwenye pleya nzuri tayari anunue kisanduku chenye kitufe. Mwenye amplifaya ya zamani nzima aitumie hiyo pamoja na kifaa cha USB. Vinasa CD vya kusimama peke yake, vinavyorekodi bila kompyuta, bado hupatikana mitumba na vingi vina kitufe cha kipimo, lakini vile vya nyumbani hukataa CD tupu za kawaida na kudai zile zilizoandikwa kuwa ni za muziki, na siku hizi kuzipata ni shida.

Programu inafaa wapi

Programu si mbadala wa priampu, ingawa Audacity ina mchoro wa RIAA ndani yake na kwa nadharia inaweza kurudisha besi. Ukiutumia juu ya rekodi iliyoingia desibeli 46 chini, unaongeza desibeli nyingine 20 kwenye eneo lile lile ambalo mvumo wa umeme unaishi. Nimejaribu, na mvumo ulishinda bendi.

Kazi halali ya programu huanza pale rekodi imekwisha kuingia kwa kipimo cha haki. Cheza kwanza sehemu yenye kelele nyingi kuliko zote kwenye santuri, mara nyingi pale tarumbeta na ngoma zinapokutana, na urekebishe hadi kilele kifike karibu desibeli 6 chini ya mwisho wa kipimo. Usiogope nafasi hiyo iliyobaki. Sauti ikizidi mwisho katika rekodi ya tarakimu hukatwa, na hakuna programu inayoirudisha kama ilivyokuwa. Kisha ondoa milio ya mikwaruzo, na baada ya hapo ndipo uinue faili hadi desibeli 1 chini ya mwisho.

Mpangilio huo una sababu. Programu inapoinua sauti hutazama kilele kimoja cha juu kuliko vyote, na katika santuri iliyotumika sana kilele hicho si muziki bali ni mkwaruzo. Niliwahi kuwa na LP ambayo kila nilipoiinua ilibaki ndogo, na kipimo kilisema imejaa. Nilipovuta picha ya mawimbi karibu nikaona msumari mmoja mwembamba uliogusa mwisho, na muziki wote ukiwa chini yake kwa desibeli zaidi ya 12. Nilipoufuta msumari huo mmoja, wimbo ulipanda. Hata hivyo, rekodi ya santuri iliyofanywa vizuri bado itasikika chini kidogo ikilinganishwa na CD za miaka ya karibuni, ambazo muziki wake hubanwa ili uwe juu muda wote. Hiyo si hitilafu, na kitufe cha sauti cha redio yako kinatosha.

Santuri nyingi za Afrika Mashariki za mizunguko 45 huhitaji uangalifu mmoja zaidi, kwa kuwa wimbo mmoja uligawanywa: sehemu ya kwanza upande wa A, na sehemu ya pili, ambako magitaa huchangamka, upande wa B. Ukiinua kila upande kivyake, upande wa A utapandishwa zaidi kwa kuwa ni mtulivu, na unapoziunganisha, sehemu ya pili itaanza chini ya pale ya kwanza ilipoishia, kinyume kabisa na walivyokusudia wanamuziki. Rekodi pande zote mbili bila kugusa kitufe, ziweke kwenye faili moja, ziunganishe mahali sehemu ya kwanza inapofifia, ndipo uinue faili zima kwa mara moja. Na kama programu yako ya kuchomea CD ina chaguo la kusawazisha sauti kati ya nyimbo, hakikisha limezimwa kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchoma, la sivyo itaibadilisha upya kazi yote uliyokwisha kuipima kwa masikio yako.